Risala ya Wapiga Picha za Majengo ya Kale kwa Mgeni Rasmi, Mwanza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi mlioambatana naye, wazee wetu, mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Wajerumani walianza kujenga hapa Mwanza miaka ya 1890, na reli ilifika 1928. Nyumba kongwe za mji wetu, basi, hazina ulinzi mpaka Serikali izitangaze. Nyundo haisubiri tangazo, ndiyo maana tunawahi na kamera.

Kila jengo tunalipiga pande zote nne, kisha vipande vyake: bawaba, nakshi za mlango, misumari ya bati, mwaka uliochongwa juu ya baraza. Kosa linaloharibu picha nyingi ni kuinua kamera ili paa liingie. Kuta huonekana zinalala nyuma, na hapo hakuna fundi atakayechukua kipimo. Dawa yake ni kurudi nyuma au kupanda ngazi, kamera ikae sawasawa kwenye stendi, tundu la lenzi liwe f/8, na wepesi wa kuhisi mwanga ISO 100. Fimbo ya mita 1, yenye mistari myekundu na myeupe ya sentimita 20, iguse ukuta wenyewe; ikisimama hatua mbili mbele inadanganya kimo.

Jua nalo lina ratiba. Mwanza iko kusini kidogo ya Ikweta, hivyo jua la Juni hupita upande wa kaskazini. Ukuta unaotazama kusini ukiupiga mwezi huo, nakshi zote zinamezwa na kivuli. Huo tunauachia Novemba hadi Januari. Saa sita mchana hatupigi kabisa, kwani kivuli cha upenu hufunika madirisha.

Jiwe la Bismarck, ule mwamba ulio ziwani hapa mjini, hupigwa kutoka alama ileile, lenzi ileile, tarehe ikiandikwa, maana maji ya ziwa hupanda na kushuka. Mwaka 2020 yalipanda mno. Gati za vivuko za Kigongo na Busisi nazo zinatutia wasiwasi. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, magari yanapita juu, na gati lisilo na kazi halidumu.

Mheshimiwa, tunaomba barua ya utambulisho, kwa kuwa walinzi hutuzuia getini. Ngazi ya mita 4. Na diski mbili za terabaiti 4 za kuhifadhia picha, zikae majengo tofauti, moja ikiungua nyingine ibaki.

Tunaomba kuwasilisha.