Kibanda cha jenereta sio stoo, kinataka hewa

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nizungumzie hivi vibanda vya jenereta vinavyoota nyuma ya nyumba zetu huku Kigamboni, na naamini kwingine mjini ni hivyohivyo. Bwawa la Nyerere lina megawati zake 2,115 na hali sio ile ya mgao wa 2023 tena, lakini umeme kukatika bado upo, na mtu mwenye friza la samaki ama mgonjwa ndani hawezi kukaa tu anasubiri, kwahiyo jenereta zipo na zitaendelea kuwepo.

Mi sina ugomvi na jenereta, nina ugomvi na kibanda. Mtu akienda kwa fundi wa kuchomelea neno la kwanza ni mwizi, basi fundi nae anapiga boksi la bati pande zote, mlango mmoja, kufuli la maana, halafu pembeni anatoboa vitundu vitatu vinne vya kuzugia. Nimeona kimoja mtaani kwetu ndani wamebandika sponji ya godoro na trei za mayai eti kupunguza kelele, sponji yenyewe iko kiganja kimoja kutoka kwenye sailensa na imeshaanza kugeuka rangi ya chai. Hiyo siku ikishika moto na petroli iko hapohapo sijui nani atasogea kuzima.

Hizi jenereta ndogo za nyumbani hazina rejeta ya maji, injini inapoozwa na upepo wa feni iliyo nyuma ya ile kamba ya kuvutia. Sasa ukiifungia, ile hewa ya moto inazunguka inarudi kulekule kwenye feni, injini inapoteza nguvu, inazima, mtu anaanza kulaumu Mchina kumbe kosa ni la boksi. Kibanda kinatakiwa kiwe na uwazi mkubwa chini upande wa feni na mwingine mkubwa juu upande wa pili ili hewa ipite moja kwa moja, na ekzosi itolewe nje kabisa kwa bomba la chuma lisilogusa mbao wala waya. Mwizi utamzuia kwa nondo na wavu mzito, ukaichenia chini kwenye zege, hewa inapita na mwizi hapiti.

Lakini kabla ya boksi kuna swali la kibanda kinakaa wapi, na hapa ndo watu wanakufa. Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi, gesi ileile ya jiko la mkaa linaloua watu waliolala nalo chumbani, haina harufu wala rangi. Wamarekani wanashauri jenereta ikae angalau futi 20 kutoka kwenye nyumba, yaani kama mita 6, na ekzosi ielekee mbali na milango na madirisha. Sisi madirisha yetu ni ya nyavu, mbu hapiti ila gesi inapita kama kawaida. Na huku pwani kuna jambo la upepo, mtu anajenga kibanda Januari kaskazi inavuma anaona moshi unaenda zake kwa jirani (jirani nae ana mapafu lakini haya), ikifika Juni kusi imeshageuza moshi wote unaingia chumba cha watoto. Ukiona ukuta una masizi chini ya dirisha usipake rangi, hamisha jenereta.

Mengine ni madogo. Sakafu iwe ya zege iliyoinuka maana masika tunayajua, kelele ipunguzwe kwa ukuta wa tofali na vipande vya tairi chini ya miguu ya mashine sio kwa godoro, na aliye karibu na bahari asiweke bati la bei chee maana chumvi italimaliza mapema. Dumu la petroli lisikae humo ndani, mvuke wake ni mzito unatambaa chini unasubiri cheche tu. Na chenjiova, ile swichi ya kuchagua umeme wa TANESCO au wa jenereta, muiweke jamani, ukichomeka jenereta kwenye soketi umeme unarudi hadi kwenye nguzo na fundi wa TANESCO yuko juu anajua laini imezimwa.

Sasa kuna wenzangu watasema kiwanja chenyewe futi 40 kwa 50, hizo mita 6 nazitoa wapi. Jibu langu watu hawalipendi ila ndo hilo, kama huna pa kuiweka usinunue jenereta, nunua betri na inveta, taa na feni na tivii vitawaka bila moshi, friza ndo utapanga nalo. Wauzaji wa Kariakoo wangekuwa wanamuuliza mteja "utaiweka wapi?" kabla ya kumuuliza anataka kilowati ngapi wangesaidia sana, na gazeti lenu mkiweza watafuteni Zimamoto watueleze kwa Kiswahili cha kawaida kibanda kinachofaa kinakuaje, ikiwezekana na mchoro, mafundi wetu wa kuchomelea wabandike ukutani.

Msomaji wenu,
Kigamboni, Dar es Salaam