Wito wa Harambee: Tuirudishie Chemchemi Miti Yake

Bwana Yesu asifiwe.

Wapendwa washarika, ndugu mlioko Dar es Salaam, Arusha na kwingineko, pamoja na marafiki wote wa usharika wetu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) hapa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, tunawaalika katika harambee itakayofanyika Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi, wakati wengi wenu mtakuwa mmekwisha kufika nyumbani, kwa ajili ya chemchemi iliyo bondeni chini ya kanisa.

Mlioondoka zamani mnaikumbuka ikijaza ndoo kabla watu hawajamaliza kusalimiana. Kiangazi kilichopita akina mama walikuwa wakitega ndoo, kisha wakikaa juu ya mawe kumenya maharage huku wakisubiri. Juu ya mvua hatuna uwezo, isipokuwa kuomba. Juu ya mikaratusi tunao, kwa sababu tuliipanda sisi wenyewe. Usharika huu ndio ulioizungushia chemchemi miti hiyo, kwa nia njema ya kupata mbao za kuezekea kanisa, na ikakua upesi kama tulivyotaka, ikinywa maji kwa kadiri ya ukuaji wake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kuzunguka chanzo cha maji. Mkaratusi wetu wa karibu zaidi uko hatua kumi na mbili tu kutoka kwenye jicho la chemchemi.

Wako wazee waliouliza katika kikao kama ni halali sadaka ya kanisa itumike kwa miti, na swali lao lilistahili jibu la Maandiko. Katika Mwanzo 2:15 mtu anawekwa katika bustani ya Edeni “ailime na kuitunza.” Neno la Kiebrania lililotafsiriwa kuwa kutunza ni shamar, nalo ndilo lililomo katika Hesabu 6:24, “BWANA akubarikie, na kukulinda,” maneno tunayoyapokea kila Jumapili mchungaji anapoinua mikono mwishoni mwa ibada. Neno la kulima, abad, lina pia maana ya kutumikia, na maneno hayo mawili yanakutana tena katika Hesabu 3:7-8, Walawi wanapokabidhiwa kazi ya maskani. Adamu, basi, alipewa bustani kwa maneno yale yale ambayo Walawi walipewa hema, na agizo la kutawala katika Mwanzo 1:28, ambalo wengi wetu tumelishika peke yake, halina budi kusomwa pamoja na hilo. Baba Askofu Fredrick Shoo, ambaye hata Ujerumani walimwita Askofu wa Miti, amelihubiri jambo hili miaka mingi. Sisi tumekuwa wepesi wa kuitikia amina na wazito wa kushika jembe.

Watoto wa kipaimara wametutangulia. Nyuma ya darasa la shule ya Jumapili wameotesha miche ya misesewe, miringaringa na mikuyu katika viriba, wakaifunika kwa majani makavu ya migomba. Msesewe wengi mnaufahamu kwa gome lake kwenye pombe ya mbege, lakini ni mti unaopenda kukaa kandokando ya maji. Mwezi uliopita mbuzi waliingia wakala safu mbili nzima, ndiyo maana uzio ndio wa kwanza katika bajeti.

Tunahitaji shilingi 7,400,000 kwa uzio wa kitalu na wa chemchemi, bomba la kumwagilia, na ujira wa kukata mikaratusi baada ya kibali kupatikana na kung’oa visiki, kwani kisiki cha mkaratusi kikiachwa huchipua upya. Fedha itakayotokana na magogo imekwisha kuondolewa katika hesabu hiyo.

Ahadi na michango ipokelewe na mhazini wa usharika peke yake, kwa stakabadhi. Siku hiyo kutakuwa na mnada baada ya ibada, hivyo mkungu wa ndizi, kuku, mayai na kahawa vitapokelewa tangu asubuhi. Asiye na fedha alete debe la samadi au nguzo ya uzio. Upandaji utaanza masika, mvua ikishalowesha udongo, na kila mtaa utapangiwa siku yake ya zamu.

Kamati ya Mazingira ya Usharika