Mdogo wangu, weka dodoki chini

Mdogo wangu mpendwa,

Juzi tukiongea ulizima kamera, nikajua ni yale mabaka ya usoni. Nakuandikia hadharani kwa sababu wanaojificha kama wewe ni wengi.

Baka si uchafu. Ngozi ikiumia, iwe kwa chunusi uliyoitumbua, upele au kuungua, seli zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi, huzidisha kazi, na weusi hubaki hata kidonda kikishapona. Kwa hiyo kila ukisugua unaijeruhi upya, nayo inazidi kuwa nyeusi. Nakumbuka ulivyokuwa ukitoka bafuni mashavu yanawaka moto, na mimi nikanyamaza. Nisingenyamaza leo.

Mabaka mapana yanayofanana shavu hili na lile ni habari nyingine. Hayo ni melazma, huchochewa na jua pamoja na homoni, hasa za ujauzito au vidonge vya uzazi wa mpango, na yana tabia ya kurudi. Yote mawili, la kwanza ni kujikinga na jua: krimu ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha kinga) 30 au zaidi kila asubuhi, upake tena kila baada ya saa 2 ukiwa nje. Tafuta yenye rangi, iliyotiwa oksidi ya chuma, kwani hata mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho hukoleza weusi kwenye ngozi kama zetu. Bila hiyo, dawa nyingine ni kujaza maji kwenye pakacha.

Asidi ya azelaiki, dawa ya kupaka ya kufifisha mabaka, husaidia polepole. Hesabu miezi, si wiki. Haidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi, ni ya kusimamiwa na daktari kwa muda mfupi, maana ikitumiwa miaka inaweza kuleta weusi wa kijivu ulio mgumu kuondoka. Ukiwa mjamzito, usiiguse, wala retinoidi, zile dawa za jamii ya vitamini A.

Shingo ikiwa nyeusi na nene kama mahameli, omba upimwe sukari. Doa jipya kwenye unyayo au mstari mweusi unaopanuka chini ya ukucha, usingoje, nenda hospitali.

Na lile kopo lisilo na lebo ulilonitumia picha? Mikorogo ya namna hiyo imekutwa na zebaki, inayoharibu figo, na steroidi kali zinazokondesha ngozi. Usilipake tena. Usilitupe pia: lifunge, ulibebe umwonyeshe daktari wa ngozi wiki hii, umwambie umelipaka tangu lini. Nitakusindikiza.

Dada yako