Baga ya soya: imekaangwa kwenye kikaango kipi?

Tangu tuweke baga ya soya kwenye menyu ya mgahawa wetu hapa Mafiati, Mbeya, tunaulizwa habari ya kikaango kuliko bei na ladha. "Dada, hii mmekaangia wapi? Si palepale penye nyama?" Anayeuliza anaweza kuwa Msabato aliyeacha nyama kabisa, Mkatoliki aliye kwenye Kwaresima, mama aliyeambiwa hospitali apunguze nyama nyekundu, au mwanachuo aliyeona tu kwamba ya soya ni nafuu. Huyo wa mwisho hajali kikaango. Wengine wanajali, na ni haki yao, kwa hiyo leo tunaeleza jikoni kwetu kunafanyika nini, pamoja na yale tusiyoweza kukuahidi.

Swali hili limeshafika hata mahakamani, huko Marekani. Mwaka 2019 Burger King walianza kuuza Impossible Whopper, baga yenye kitoweo cha mimea badala ya ng'ombe. Walijaribia St. Louis mwezi Aprili, kufika Agosti ikawa inauzwa nchi nzima. Novemba mwaka huohuo mteja mmoja asiyekula chochote kitokanacho na mnyama akafungua kesi Florida, akilalamika kwamba baga yake ilichomwa kwenye jiko moja na za ng'ombe. Kesi ikatupwa mwaka 2020, kwa sababu kampuni haikuwa imeahidi jiko la peke yake. Kisheria huenda ni sawa. Ila sisi wenye meza chache, na wateja tunaosalimiana nao hadi kanisani na sokoni, hukumu ya namna ile haitusaidii kitu. Mteja akijiona kadanganywa hapa mchana, jioni habari iko Mwanjelwa.

Basi utaratibu wetu ni huu. Soya ina kikaango chake, kile chenye mpini uliofungwa kitambaa cha kijani, na mwiko wake wa kugeuzia. Havigusi nyama, na vinaoshwa kwanza, kabla maji ya beseni hayajapita kwenye vyombo vya kuku. Chipsi zina karai lao la mafuta. Kuku, samaki na sambusa za nyama zina lao. Hata foleni ikifika barabarani, hatuhamishi. Ukisimama pale dirishani unaona kila kitu, na wala hatukasiriki ukiangalia.

Sasa yale tusiyoahidi. Skonzi zote tunazipasha kwenye bamba moja, na bamba hilo linapita nyama ya ng'ombe pia. Kama hilo linakukera, sema "skonzi usipashe" unapoagiza, utapewa jinsi ilivyo. Skonzi zenyewe zina maziwa, ndivyo mwokaji wetu anavyozikanda. Mayonezi ina yai. Kwa hiyo kwa asiyekula nyama tu, baga yetu ya soya haina shida, mradi hilo la bamba halimkeri. Kwa asiyekula hata maziwa na mayai, tunamshauri achukue kitoweo chenyewe na chipsi na kachumbari, aachane na skonzi na mayonezi. Na mwenye mzio asituonee aibu, atuambie mapema: kitoweo hiki kina soya na unga wa ngano, na jikoni humuhumu tunasaga karanga za sosi ya mishikaki. Mwenye mzio mkali wa karanga kusema kweli hatumshauri ale hapa, hata ndizi ya kukaanga.

Ndani ya hicho kitoweo kuna nini? Kuna ile nyama ya soya kavu inayouzwa kwenye pakiti. Hutengenezwa kwa unga wa soya uliokwisha kukamuliwa mafuta. Unga unakandwa na maji ndani ya mashine yenye joto na mgandamizo mkubwa, unasukumwa kupitia tundu dogo, na ukitoka nje unafumuka na kuwa na nyuzinyuzi. Ndizo zinazokupa kitu cha kutafuna. Ikiwa kavu haina ladha yoyote ya maana, na ikilowekwa maji ya moto inatoa harufu ya maharage mabichi ambayo wengi wakiisikia wanakimbia. Wanaosema soya ni mbaya, mara nyingi walilishwa ambayo haikukamuliwa. Sisi tunaloweka, tunakamua kwa mikono mpaka yale maji ya manjano yaishe, tunaloweka tena kwa maji yenye chumvi na tangawizi, tunakamua tena. Mkamuaji wetu ana mikono ya mtu aliyekulia kwenye kukama ng'ombe, na tofauti unaiona: baga haivuji maji kwenye skonzi.

Kisha tunachanganya na maharage yaliyopondwa, kiazi mviringo kidogo cha kushikilia, unga wa ngano, kitunguu saumu, binzari nyembamba, pilipili manga na mafuta ya alizeti. Mafuta hayo ni lazima, maana soya haina mafuta yake ya kuyeyuka kwenye kikaango kama nyama ya kusaga. Bila kuyatia unapata kitu kikavu kinachokwama kooni. Maharage tunapika kwa presha kuka. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, haifiki 100, na maharage ya sufuria ya kawaida yanakumalizia mkaa huku katikati bado yana ugumu.

Kuna waliotuuliza mbona haitoi wekundu kama wanazoziona kwenye video. Zile za Impossible Foods, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2011 na mwanabiokemia Patrick Brown, zina kitu kinachoitwa legihemoglobini. Ni protini yenye chuma, ndugu wa ile inayoipa damu rangi yake, na kwa asili inapatikana kwenye mizizi ya soya. Wakulima wetu wa Mbozi na Uyole wameshaiona bila kuijua jina: ng'oa mche wa soya au wa maharage uliostawi vizuri, chukua vile vinundu vya kwenye mizizi, pasua kimoja kwa ukucha. Ukikuta wekundu ndani, ujue vinundu vinafanya kazi yake ya kuupa mmea naitrojeni. Kampuni ile haichimbi mizizi. Inaizalisha kwa hamira iliyobadilishwa vinasaba. Sisi hatuna teknolojia hiyo, na hata tungekuwa nayo sidhani kama tungeitia. Mteja wa Mbeya akiona wekundu katikati anarudisha sahani, anasema haijaiva.

Tusikuuzie kama dawa pia. Soya ina protini nyingi kweli, mbegu kavu ni kama theluthi moja au zaidi kidogo ya uzito wake, na ile ya pakiti hufika karibu nusu. Lakini hiyo ni kavu. Ikishalowekwa inabeba maji mara mbili au tatu ya uzito wake, kwa hiyo usisome pakiti ukadhani ndicho kilicho kwenye sahani. Vitamini B12 hupati kwenye soya isipokuwa mtengenezaji ameiongeza. Aliyeacha nyama, maziwa na mayai kwa pamoja aongee na mtaalamu wa lishe. Madini ya chuma yamo, ila ya mimea mwili huyachukua kwa shida kidogo. Ndimu kwenye kachumbari inasaidia. Chai inapunguza, na hapo najua nawagusa watu wa Tukuyu wanaoilima: kunywa, ila subiri saa moja baada ya kula. Wenye presha watuambie, tutapunguza chumvi kwenye sosi.

Wapo pia wanaotushauri tuuze chikanda, ile wanayokula sana wenzetu wa Zambia, ng'ambo ya Tunduma. Ni kitoweo kisicho na nyama cha siku nyingi: viazi vya okidi, mmea wa maua wa porini, vinatwangwa, vinapikwa pamoja na karanga na pilipili hadi vinaganda, kisha vinakatwa vipande kama soseji nene. Kitamu, hatubishi. Hatutauza. Viazi hivyo vinachimbwa porini kwenye nyanda zetu za juu, na ukishachimba kiazi, mmea wenyewe umekwisha. Kitulo imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, na maua hayo ya okidi ni sababu kubwa. Watu wanaiita Bustani ya Mungu. Soya inapandwa kila msimu na inavunwa, haimalizi mlima.

Nyama ya ng'ombe na kuku bado ndivyo vinavyotoka zaidi hapa dukani, na hatuna mpango wa kuviondoa. McDonald's walijaribu McPlant, baga yao ya mimea, kwenye maduka mamia huko Marekani mwaka 2022, wakaiacha kwa sababu haikuuzika walivyotarajia, na wao wana pesa za matangazo kuliko sisi. Tunapika soya kwa kiasi. Ikiisha saa nane mchana, imeisha. Hatutakupa ya ng'ombe tukanyamaza.

Oda za vikundi, hasa za Sabato na za Kwaresima, tupigieni siku moja kabla, isizidi saa kumi jioni. Maharage yanalowekwa usiku, na kikaango cha kijani ni kimoja.