Mtumba kazi ipo, pa kulala hakuna

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako mimi hulisoma likiwa la jana. Nafanya usafi kwenye jengo moja la ofisi pale Mji wa Serikali, Mtumba, hapa Dodoma. Wakubwa wakishalimaliza hulitupa, nami nalikunja naliweka kwenye mkoba, jioni nalisoma kwenye daladala nikibahatika kupata siti. Ndivyo nilivyokutana na barua ya msomaji wako aliyelalamika kwamba wahudumu na mama lishe wa Mtumba wanachelewa kila siku, na kwamba dawa yake ni moja tu: wahamie karibu na kazi. Nilicheka peke yangu mpaka abiria wa pembeni akasogeza mkoba wake.

Simlaumu msomaji huyo. Naomba tu nimweleze hiyo dawa tumeshaijaribu na ilitushinda wapi.

Nimepanga Nkuhungu, magharibi ya mji. Mtumba iko mashariki, kama kilomita 17 kutoka katikati kwa barabara ya Dar es Salaam. Kwa hiyo kila siku ya kazi naivuka Dodoma ncha hadi ncha, asubuhi na jioni. Naamka saa tisa na nusu usiku. Nachemsha uji naumimina kwenye chupa, ufunguo namwachia bibi wa chumba cha pili ili amwamshe binti yangu wa darasa la nne, kisha bodaboda ananichukua mlangoni, kwa sababu kwenda kituoni kwa miguu saa ile na wale mbwa, hapana. Daladala ya kwanza inanishusha Sabasaba, ya pili inanipeleka Mtumba. Saa kumi na mbili na nusu kamili msimamizi anachora mstari mwekundu kwenye daftari la mahudhurio. Ukisaini juu ya mstari, siku yako ni nzima. Ukisaini chini, umekatwa nusu siku, hata kama umechelewa dakika mbili na viatu umevishika mkononi. Kalamu ile nyekundu anaivaa shingoni kwa kamba, kama filimbi ya refa.

Mvua za Januari zikishika, usiniulize. Wazee wetu wa Kigogo husema jina la mji huu limetokana na idodomya, yaani imezama, kwa ajili ya tembo aliyekwama topeni. Sisi wa Nkuhungu tembo huyo hatukumwona, bajaji tumeziona.

Sasa hesabu, maana msomaji wako anaonekana ni mtu wa hesabu. Bodaboda 1,000. Daladala mbili kwenda 1,400, kurudi 1,400. Jumla 3,800 kwa siku, mara siku 26, ni 98,800 kwa mwezi. Mshahara wangu ni 180,000. Chumba changu Nkuhungu ni 40,000. Toa mwenyewe.

Mwaka jana nikasema basi, nahamia Ihumwa. Pale ukitoka alfajiri ukakaza mwendo unafika Mtumba, na ukichoka, bajaji zipo. Dalali akanitembeza vyumba vitatu. Kile cha bei ya chini kilikuwa mita tatu kwa tatu, sakafu ya saruji, dari bado, dirisha moja lenye nondo lisilo na wavu, choo cha nje cha kuchangia nyumba nne. Elfu themanini. Nikapiga hesabu pale pale mlangoni: naongeza elfu arobaini ya kodi, lakini naokoa karibu laki moja ya nauli. Nikamwambia mwenye nyumba, kijana mstaarabu tu, nakichukua. Akasema karibu sana mama, kodi ni miezi sita kwa mkupuo. Na dalali naye mwezi wake mmoja. Hiyo ni 560,000, Mhariri, kabla sijamlipa mtu wa kunihamishia kitanda. Nikamwomba nilipe mwezi mwezi. Akanijibu bila ubaya wowote: mama, hapa tunapangisha watumishi.

Watumishi. Hapo ndipo nilipoelewa. Sisi tunaofagia ofisi za watumishi si watumishi, ni watu wa kampuni iliyopewa tenda, na mkataba wetu ni wa miezi mitatu mitatu. Nani akukopeshe laki tano na sitini kwa mkataba wa miezi mitatu? Nimejiunga na mchezo wa akina mama kumi wa hapa kazini, elfu ishirini kila mwezi. Zamu yangu ikifika nitashika laki mbili. Kwa mwendo huo nitaimaliza hiyo kodi zamu yangu ya tatu ikifika, mwanangu akiwa ameingia darasa la sita.

Nyumba zinajengwa, sisemi hazijengwi. Nimeona za watumishi zinazojengwa na TBA, Wakala wa Majengo wa serikali, pale Nzuguni, nimeona za Shirika la Nyumba kule Iyumbu, nzuri, paa moja rangi moja. Sina neno nazo. Lakini mji si ofisa peke yake. Kila ofisa mmoja aliyehamia Mtumba amekuja na mtu wa kumfagilia, wa kumlinda, wa kumpikia wali maharage saa saba na wa kumtolea fotokopi. Ofisi zilipangiwa viwanja, maofisa wakafikiriwa, huyu mwingine akaachwa ajipange mwenyewe. Akajipanga Nkuhungu, Chang'ombe na Mkonze.

Marehemu baba yangu alikuwa kibarua wa wapimaji wa CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, kazi yake kubeba bikoni, yale mawe ya mipaka ya viwanja. Alikuwa akituhadithia kwamba ramani ya makao makuu, ile ya mwaka 1976 iliyochorwa na wataalamu wa Toronto, Kanada, ilitaka mji wa vitongoji, kila kimoja na soko lake na shule yake, watu watembee kwa miguu na mabasi yawe na njia yake. Sisi watoto tulikuwa tunamwona mzee anaota. CDA yenyewe ilivunjwa mwaka 2017, Dodoma ikawa jiji mwaka 2018, na sensa zikatuhesabu watu 410,956 mwaka 2012 na 765,179 mwaka 2022. Hao laki tatu na nusu walioongezeka, nawaona kila alfajiri pale Sabasaba wakigombea mlango wa gari moja.

Na hapa nataka kumsemea konda, ingawa ananitukana mara mbili kwa wiki. Jioni moja gari lilitugomea, likageuzia Ihumwa badala ya kufika Mtumba, tukakodi bajaji kulifuata. Nikamuuliza kijana kwa nini mnakatisha ruti? Akasema: "Mama, asubuhi nakwenda na watu narudi na upepo, jioni nakuja na upepo narudi na watu. Mafuta ya upepo nani analipa?" Nimelifikiria neno hilo hadi leo. Kazi zote ziko upande mmoja, vitanda vyote upande wa pili, gari linajaa kwenda tu, na nauli ya lile tupu tunailipa sisi tuliobanana kwenye lile lililojaa. Unaweza kuongeza magari mia, yatageuzia Ihumwa yote mia.

Lakini angalia upande wangu. Majirani zangu wawili wanafanya kazi kiwanda cha mbolea kule Nala. Wao wanaondoka kumekucha kabisa, wameshakunywa chai na wanao, wanapanda gari ambalo wengine wote wanalikimbia kwa sababu linaelekea nje ya mji. Wanakaa kwenye siti, na miguu wanainyoosha! Kazi mbili tatu za namna hiyo zikija magharibi, hata kaunta chache tu za hizo huduma ambazo watu wanazifuata Mtumba kugongewa muhuri, yule konda atapata abiria wa kurudi nao.

Na huku mashariki, wanaogawa viwanja Ihumwa na Mtumba wangetenga vya watu wa vyumba vya kupangisha: chumba kimoja kimoja, mlango unaotazama uani, kodi ya mwezi. Kampuni zinazopata tenda za usafi na ulinzi nazo zingebanwa kwenye mkataba ziwadhamini wafanyakazi wao kodi ya miezi sita, wakatwe kidogo kidogo. Mshahara wenyewe tayari wanaukata, kalamu wanayo.

Mwisho naomba nafasi hii kwa jambo langu binafsi. Kama kuna mwenye nyumba Ihumwa au Mtumba anayesoma gazeti hili, la leo au la jana, na anapokea kodi ya mwezi mmoja mmoja, aandike kwako, nitaona. Kisizidi elfu sabini. Dari si lazima, choo cha nje sina neno. Tuko wawili tu, napikia gesi, na mtoto hana kelele.

Mhudumu wa usafi (jina limehifadhiwa),
Nkuhungu, Dodoma