Kuhusu kipimo ulichoniuliza

Mpendwa Rehema,

Pokea salamu zangu, nawe unifikishie shikamoo kwa mama. Nimeisoma orodha ya vipimo ambavyo kliniki ile inataka kumfanyia, na kwa kuwa unauliza kama kipimo cha malondialdehaidi kinastahili fedha zote hizo kwa mgonjwa wa kisukari, nakujibu kama mtu wa maabara.

Maelezo waliyokupa si ya uongo. Sukari inapozidi katika damu kwa muda mrefu, seli huzalisha radikali huru (molekuli zisizotulia zinazoharibu vitu vilivyo karibu nazo) nyingi kuliko uwezo wa mwili wa kuzidhibiti, nazo hushambulia mafuta yaliyomo katika utando wa seli; malondialdehaidi ni mabaki ya mafuta hayo yaliyoharibika, na tafiti nyingi zimeikuta iko juu kwa wagonjwa wa kisukari na wa figo. Ila namna ya kuipima ndiyo yenye walakini. Maabara nyingi huchanganya plazma (sehemu ya majimaji ya damu) na asidi ya thiobabituriki, huupasha moto mchanganyiko huo hadi nyuzi 95 hivi, kisha husoma ukali wa rangi ya waridi inayotokea, ilhali vitu vingine vilivyomo katika damu huweza kutoa rangi hiyohiyo, na joto lenyewe huzalisha malondialdehaidi mpya. Sampuli ikikawia mezani, au chembe nyekundu zikipasuka wakati wa kutoa damu, jibu laweza kupanda na mgonjwa akawa vilevile. Isoprostani, ambazo nazo ni mabaki ya mafuta yaliyoharibika na zilielezwa mwaka 1990, huaminika zaidi, lakini kuzipima vizuri kunahitaji mashine ya ghali.

Kinachonikera hasa ni vidonge vya vitamini E, inayosifiwa kuwa huzima radikali huru, vilivyoandikwa chini ya orodha, kana kwamba jibu limekwisha kujulikana. Katika jaribio la HOPE, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2000, wagonjwa zaidi ya 9,000 wenye maradhi ya mishipa, au kisukari pamoja na kihatarishi kingine, walipewa yuniti 400 za vitamini E kila siku au kidonge kisicho na dawa kwa takriban miaka minne na nusu, na mashambulizi ya moyo na viharusi havikupungua.

Fedha hizo mpimieni HbA1c (wastani wa sukari ya damu kwa miezi miwili hadi mitatu), pamoja na kreatinini na albumini ya mkojo zinazoonyesha hali ya figo, kwa maana majibu hayo ndiyo daktari huyatumia kubadilisha dawa. Yakitoka, nitumie pamoja na ya mwaka jana tuyalinganishe.

Wako,
Salma