Waandishi, ulizeni kwanza kama jina limetumika

Mhariri,

Nauza vitabu vya mtumba kando ya barabara hapa Posta. Juzi binti mmoja alitumwa na shangazi yake riwaya yenye neno "machozi" kwenye jina. Nilikuwa nazo mbili, jina lilelile, waandishi tofauti: moja ya mapenzi, nyingine ya mawaidha, ina msalaba kwenye jalada. Jina la mwandishi binti hakulijua. Akabeba ya msalaba. Jioni akarudishwa nayo, shangazi kanuna.

Najua sheria haikatazi. Hakimiliki hulinda kazi yenyewe; jina la kitabu peke yake kwa kawaida halilindwi. Na ISBN, zile tarakimu 13 nyuma ya jalada, hutofautisha kitabu na kitabu. Lakini mteja gani huja na ISBN mdomoni? Anakuja na jina, tena nusu!

Waandishi wetu, kabla ya kupeleka mswada kiwandani, ulizeni Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, tafuteni intaneti, au piteni hata kwangu. Kama jina limeshatumika na bado mnalipenda, ongezeni maneno mawili ya kulitofautisha, na jina la mwandishi lichapwe kubwa mgongoni mwa kitabu.

Muuza vitabu,
Posta, Dar es Salaam